Rivyu ya tiba shufaa ya nyumbani hapa Tanga, pamoja na bodi inayoisimamia (na mimi nimo humohumo)

Nianze kwa kujianika mapema, mtu asije kusema baadae nilificha. Mimi ni mjumbe wa bodi ya shirika moja la kitaifa la tiba shufaa (yaani huduma ya kumtuliza maumivu na mateso mtu mwenye ugonjwa mzito), na kabla ya huo ujumbe nilikuwa mteja wao, au tuseme ndugu wa mgonjwa, maana walimuuguza mama yangu mkubwa nyumbani kwetu Ngamiani mpaka alipotangulia mbele ya haki. Kwahiyo hii ni rivyu ya mtu mwenye maslahi. Nikisifia sana niangalieni kwa jicho la pembeni, ila nikiponda niaminini tu maana naponda cha kwangu mwenyewe. Jina la shirika silitaji makusudi kabisa, nataka niseme ya jikoni bila mtu kunipigia simu usiku.

Naandika kwasababu nimechoka kujibu mtu mmojammoja. Ukikaa barazani na kikombe chako cha kahawa anakuja mtu, eti hiyo huduma yenu bei gani, eti si ni ya watu wanaokata roho, eti hiyo dawa si ndo unga wenyewe ule, alafu la mwisho ambalo ndo alilotoka nalo nyumbani, eti nyie wa bodi mnakunja shilingi ngapi. Yote yamo humu, na hilo la mwisho pia.

La kukata roho nalimaliza haraka. Tiba shufaa ni ya mtu yeyote mwenye ugonjwa mzito, iwe saratani, figo zilizogoma, moyo uliochoka, kiharusi, ukimwi, mtoto wa selimundu anayelia na mifupa, na inaweza kwenda sambamba na matibabu mengine kabisa, mtu anachomwa mionzi na huku nesi wa shufaa anakuja kumtuliza maumivu. Shirika la Afya Duniani wanakadiria kila mwaka watu milioni 56.8 wanaihitaji duniani na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu. Na hao wasioipata usidhani wako mbali, wengine wako mtaa wa pili kwako hapo, wamewekwa chumba cha uani na familia imeshaambizana tumwachie Mungu.

Bei: hatuchaji. Familia yenye uwezo inachangia, isiyo na uwezo hata haiulizwi. Nimelisema hili mara nyingi na bado watu wanasubiri niongeze "ila".

Haya sasa huduma yenyewe. Mama mkubwa alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, hii ndo inaongoza kwa wanawake hapa nchini. Alipelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani pale Dar, akachomwa mionzi, akarudi, ikatulia, baada ya muda ikaamka tena. Toka Tanga mpaka Dar ni kama kilomita 350 na kwa mtu ambaye hawezi kukalia upande mmoja hata robo saa ile barabara ni adhabu, akasema mwenyewe basi sipandi tena, kama ni kufa nifie kitandani kwangu nasikia adhana ya msikiti wangu. Hapo ndo tukaunganishwa na hawa manesi.

Nesi alipokuja mara ya kwanza nilitegemea aanze na mashine ya presha. Wala. Aliegesha baiskeli (Tanga hii, mnatujua), akavua viatu, akakaa mkekani, akasalimia mmojammoja, akaanza kuuliza nani anapika, nani analala na mgonjwa, nani anaamka usiku, nani hasemeshani na nani humu ndani, ndio aliuliza hilo, na jibu lake lilichukua muda mrefu kuliko mengine yote. Alafu akamuuliza mgonjwa mwenyewe anaogopa nini. Mimi nimezunguka hospitali nyingi na mgonjwa huyu, hilo swali halikuwahi kuulizwa. Maumivu akampimisha kwa vidole vya mkono, kidole kimoja kinauma kidogo, vyote vitano ndo mwisho wa kuuma hakuna zaidi. Mama mkubwa akanyoosha mkono wote, akafikiri kidogo, akaongeza na wa pili.

Kitu kingine ambacho watu hawakisemi hadharani ila nitakisema maana kuna familia iko nacho saivi na inaona aibu: harufu. Saratani ya aina ile ikifika mahali inatoa uchafu wenye harufu kali, na mama mkubwa alikuwa mwanamke wa udi na asumini maisha yake yote, kwahiyo aligoma wageni. Mashoga zake wakija anajifanya amelala. Tulichoma udi mpaka macho yanatuwasha. Nesi akaja na vidonge vya metronidazole, hivi hivi mnavyoviita Flagyl, akatuonyesha jinsi ya kuvisaga na kuvitumia kwenye kusafisha, akatuelekeza na usafi wa vitambaa, na ndani ya siku chache ile harufu ikapungua kiasi kwamba mashoga wakarudi kukaa kitandani kwake na umbea wao wote. Vidonge vya bei ya chini kabisa, vipo kila duka la dawa. Hapo nilikasirika kwakweli, maana tulikuwa tumeshapita kwa wataalamu wangapi na hakuna aliyetamka. (Msijaribu wenyewe bila kuelekezwa, mwiteni nesi.)

Kwa hilo peke yake manesi nawapa nyota 5 na kama kuna ya 6 wapewe.

Sasa tuje kwenye dawa, na hapa nitakaa kidogo. Morfini, dawa kali ya maumivu. Ukilitaja hilo jina Tanga unaona mtu anarudi nyuma hatua mbili, na ana haki, sisi tumeuguza vijana wa unga hapa mjini, kuna familia zimeuza mpaka milango, kwahiyo mtu anapoambiwa bibi yake apewe kitu cha ukoo mmoja na unga lazima ashtuke. Kwetu aliyeshtuka zaidi alikuwa mgonjwa mwenyewe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na hiyo dawa yako ya kulevya?"

"Nimekuja nayo bibi."

"Na nikishindwa kuiacha?"

"Maumivu yakipungua tunaipunguza na dawa polepole. Yasipopungua, uiache ya nini bibi?"

Mama mkubwa akamwangalia, akaniangalia mimi, akasema haya lete, ila nikianza kuimba mtanifunga kitambaa mdomoni.

Hakuimba. Alilala. Siku mbili tatu za mwanzo alilala sana na alijisikia kichefuchefu, tukaambiwa hiyo ni kawaida na itapita, ikapita, baada ya hapo akawa macho, anakula uji, anatoa amri. Yenyewe ni ya maji, unga wa morfini unachanganywa na maji kwa kipimo, unakuja kwenye chupa, unavuta na bomba la sindano lisilo na sindano au kikopo chenye mistari, unakunywa. Kila baada ya masaa manne, sio "akisikia maumivu", hapo ndo familia nyingi zinaharibu, wanasubiri mgonjwa alie ndo wampe, wakati hesabu yake ni kuwahi kabla maumivu hayajarudi. Dozi ya kulala usiku inaweza kuongezwa mara mbili ili mtu asiamshwe saa nane usiku, ila hiyo anapanga anayekuandikia dawa, sio wewe na shangazi yako. Na kitu ambacho hakikwepeki ni choo kugoma. Kila anayetumia morfini apewe na dawa ya kulainisha choo kuanzia siku ileile, asisubiri kugoma. Kama nesi au daktari amekupa morfini bila kutaja choo, muulize.

Ikaingia Ramadhani katikati. Mama mkubwa akasema yeye anafunga, hajawahi kuacha toka msichana, na dawa atakunywa futari na daku. Sisi tukabishana nae tukashindwa. Nesi, ambaye ni Mkristo, hakubishana nae hata neno, akaomba tu aitwe sheikh wake, sheikh akaja akamsomea kuwa mgonjwa ana ruhusa ndani ya Quran yenyewe na asiyetarajia kupona analisha maskini badala yake. Akalia kidogo, kisha akaanza kupanga maskini gani na chakula gani, na tambi ziwe za nazi. Masaa manne manne yakaendelea. Ndo maana nasema huduma hii ukiipima kwa dawa tu hujaipima. Yule mama wa Kiingereza aliyeanzisha hospisi (kituo cha tiba shufaa) ya kisasa pale London mwaka 1967, Cicely Saunders, alikuwa nesi, akawa mtu wa ustawi wa jamii, akaja kuwa daktari, na alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayeumwa sana yako mwilini, rohoni, nyumbani na mfukoni kwa pamoja. Nilimsoma baadae nilipoingia bodi. Nesi wetu wa baiskeli alikuwa anamfanyia kazi bila kumtaja.

Hii morfini ya maji kwa Afrika Mashariki ina historia yake na inafaa watu waijue. Daktari Anne Merriman alifungua Hospice Africa Uganda mwaka 1993 na hiyo chupa ndo ilikuwa silaha yake kubwa, rahisi, haihitaji kiwanda kikubwa. Waganda wakaenda mbali zaidi, mwaka 2004 wakabadilisha kanuni nesi aliyesomea tiba shufaa akaruhusiwa kuandika morfini mwenyewe. Kwa upande wetu Ocean Road ndo kwa miaka mingi palikuwa mahali pa kuichanganya. Na msidhani Tanga tuko nyuma siku zote, Muheza hapo, hospitali ya Teule, walikuwa na hospisi yao miaka ya 2000, wakati sehemu nyingi za nchi hata neno lenyewe halijafika. Mkoa huu una historia ya hii kazi kuliko wenyewe wanavyojua.

Lakini dawa naipa nyota 3 na sababu ni moja: kuna siku haipo. Inaisha stoo, mtu wa kusaini yuko semina, karatasi imekosewa tarehe inarudishwa, gari halijaondoka Dar. Kwetu nesi alikuwa anasubiri saini ya daktari hata kwa dozi ileile ya wiki iliyopita. Mtu ambaye amekaa wiki nne bila maumivu alafu chupa ikakauka Ijumaa jioni, hayo maumivu yanarudi yote pamoja na riba. Sisi yalitukuta. Nyumba nzima ilikaa macho mpaka Jumatatu, na simu ya nesi tuliipiga mpaka chaji ikaisha, na masikini alipokea, kila mara alipokea, hakuwa na cha kutupa tu.

Hilo linanipeleka kwenye usiku na wikiendi. Nyota 1. Hakuna zamu ya usiku, kuna namba ya nesi binafsi na huruma yake. Umbali pia, ukiwa Chumbageni, Makorora, Mikanjuni, hata Pongwe, unafikiwa. Ukiwa ndani ndani huko Mkinga au ng'ambo ya mto kule Pangani unafikiwa mwezi ambao kuna mafuta. Na watoto, kwakweli kwa watoto bado hatujui kazi, tunao manesi wazuri wa watu wazima wanaojitahidi.

Kitu ambacho sikukitegemea kabisa: walirudi baada ya arobaini. Hakuna mgonjwa tena, hakuna faili, nesi akaja akakaa mkekani palepale, akauliza binti aliyekuwa analala na marehemu analala vipi saivi. Yule binti alikuwa hajasemeshwa na mtu, sote tulikuwa bize na maturubai na sahani za watu. Nyota 5 nyingine.

Sasa bodi. Hii sehemu ndo mlikuwa mnaisubiri.

Niliitwa kama mwakilishi wa familia za wagonjwa, maana sera nzuri za siku hizi zinasema wanaohudumiwa wawe na kiti mezani. Wengine pale ni daktari bingwa, mwanasheria, mhasibu, mchungaji, sheikh, mama mmoja mstaafu wa serikali ambaye ndo anajua kila kitu kilipo, na mimi muuza nondo na saruji wa Tanga. Vikao ni Dar, mara mojamoja Dodoma. Mtu anapanda basi Kange alfajiri, anafika kachoka, anakabidhiwa kablasha lenye unene wa tofali ambalo lilitakiwa kumfikia wiki mbili kabla, alafu mwenyekiti anauliza kama wajumbe wamepitia nyaraka na wote tunatikisa kichwa kama tumesoma. Nilianza kusema hapana sijapitia. Kikao cha kwanza waliniona mkorofi, kikao cha pili mwanasheria nae akasema hajapitia, saivi makablasha yanakuja mapema, sio wiki mbili lakini yanakuja.

Kwa wasiojua, bodi haitibu mtu. Kazi yetu ni kuajiri mkurugenzi na kumwachisha ikibidi, kupitisha bajeti, kusoma ripoti ya mkaguzi wa nje na kuuliza pale pasipoeleweka, kuhakikisha taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa zinafika kwa Msajili kama sheria ya NGO ya 2002 inavyotaka, na kuzuia mjumbe asije akaligeuza shirika kuwa mteja wake. Ofisi ilipotaka kukarabatiwa mimi nilitoka nje ya chumba wakajadili bila mimi, na duka langu halikuuza hata kilo ya misumari. Mume wangu mpaka leo haelewi, anauliza sasa umekaa humo kwa ajili gani.

Sasa kinachonifanya niipe bodi nyota 2 na nusu. Kuna kikao, asubuhi nzima, kuanzia chai mpaka adhuhuri, tulijadili nembo. Mkono uwe umeshika mshumaa au mkono uwe umeshika mkono mwingine. Rangi ya zambarau au ya bluu. Mtaalamu amekuja na projekta. Watu wazima, wasomi, wana hoja kabisa kuhusu vidole vya mkono uliochorwa. Nauli za manesi wa mikoani ilikuwa kwenye mengineyo, ajenda ya mwisho, ilifikiwa watu wameshafunga mikoba wanawahi foleni ya Morogoro Road, ikaambiwa "ipelekwe kwenye kamati". Nesi wa Tanga kwa mwezi mzima huo alikuwa anajilipia bodaboda kutoka mshahara wake mvua ikinyesha baiskeli ikashindikana. Hicho ndo kitu nilichonacho cha kusema kuhusu hii huduma na kila kitu kingine humu ni maelezo tu: mlangoni kwa mgonjwa ni huduma ya daraja la juu kabisa, na kadri unavyopanda kuja kwetu mezani ndo inazidi kuwa na mambo ya watu wenyewe. Fedha ya kikao kimoja cha hoteli, ukumbi, chai mbili, chakula, nauli zetu, malazi, ni mafuta ya pikipiki ya mkoa kwa muda mrefu sana, mimi ni mfanyabiashara hizo hesabu nilizipiga nyuma ya kablasha nikiwa nasikiliza habari za zambarau.

Nilichoomba, na namshukuru mwenyekiti alinisikiliza, ni kitu kimoja kidogo. Kila kikao kifunguliwe na namba moja kabla ya sala na kabla ya kumbukumbu za kikao kilichopita: ni siku ngapi toka tukutane mara ya mwisho ambazo kituo chetu chochote hakikuwa na morfini, na kituo gani. Basi. Mwanzo ofisi haikuwa na hiyo namba, hakuna aliyekuwa anaihesabu, tulikuwa na idadi ya semina, idadi ya walioshiriki, wanawake wangapi wanaume wangapi, ila siku bila dawa hakuna. Sasa ipo. Sio nzuri, ila ipo, na mkurugenzi akijua ataulizwa hiyo kwanza anapiga simu stoo mapema. Kabla ya mwaka kuisha tulikuwa na akiba ya dharura kwenye vituo viwili. Hapo nilijisikia kweli niko bodi.

Jambo jingine ambalo bodi ilifanya vizuri lazima niseme. Alikuja mshauri na rasimu ya sera, imeandikwa vizuri, imechapwa kwa rangi, na kumbe imenyofolewa kutoka Marekani. Ndani yake mgonjwa apokelewe kama madaktari wawili wamethibitisha amebakiza miezi 6 au chini. Kule ina mantiki yake, bima yao ya wazee, Medicare, ndo inalipia hospisi toka miaka ya 1980, na mgonjwa akiingia huko anaachana na matibabu ya kuponya ule ugonjwa, kwahiyo lazima wawe na mstari wa nani anaingia. Sisi nani anatulipa? Na daktari wa pili Mkinga unamtoa wapi, wakati mwingine hata wa kwanza ni wa kubahatisha. Na yule mtoto wa selimundu ambaye Inshallah ataishi miaka mingi, yeye maumivu yake yasubiri mpaka abakize miezi 6? Daktari bingwa wetu, ambaye kwenye nembo alinichosha sana, hapa alisimama akaichana ile rasimu kurasa kwa kurasa mpaka mshauri akafunga kompyuta. Tukachukua kitu kimoja tu cha Wamarekani, kwao sheria inataka watu wa kujitolea wafanye walau asilimia 5 ya masaa ya kuhudumia wagonjwa. Hiyo imetuingia, tumeanza kuandikisha watu wa kujitolea kwenye misikiti na makanisa, wa kwenda kukaa tu na mgonjwa ili anayeuguza aoge na aende sokoni.

Kuhusu wajumbe kutembelea wagonjwa, nina ugomvi na wenzangu. Tunaenda na gari lenye nembo (ndio, ile), fulana, mpiga picha, tunajaa chumbani kwa mtu aliyevaa kanga moja ambaye hawezi kunyanyuka kututoroka. Anaitikia ndio kwa kila kitu, kwani atafanyaje. Nimesema mimi siendi hivo. Nikitaka kuona kazi naomba ruhusa kwa familia, naongozana na nesi peke yake, nakaa karibu na mlango, simu iko mfukoni imezimwa. Mjumbe akitaka picha apige ya stoo ya dawa ikiwa tupu.

Na pesa. Mnauliza posho. Ipo ya kikao, inatosha kununua zawadi za kurudi nazo nyumbani, na nauli inarudishwa baada ya wiki kadhaa ukishaleta tiketi na kujaza fomu na kukumbushia. Hakuna aliyejenga. Anayetaka kutajirika afungue duka la saruji, na huko pia nina ya kumwambia. Shida kubwa ya pesa iko kwingine, miaka mingi kazi hizi zilibebwa na fedha za ukimwi, hasa za Marekani kupitia mpango wao wa ukimwi, PEPFAR, toka 2003, na wagonjwa wa saratani wakapata humohumo kwenye mgongo wa wenzao. Mfadhili akibadilisha mawazo mgonjwa anaachwa njiani, na Januari 2025 Marekani waliposimamisha misaada yao ya nje kila shirika la afya nililolijua lilikuwa linahesabu vichwa. Bodi yetu ikaamka usingizini kidogo. Tukaanza kuongea habari za zaka, sadaka za Jumapili, wafanyabiashara wa hapahapa, na niseme ukweli Tanga imenishangaza, ukimwambia mtu changia tiba shufaa anakwepa, ukimwambia nunua chupa ya dawa ya maumivu ya mama wa mtu Makorora anatoa hapohapo na anauliza ya mwezi ujao nani ananunua.

Kwahiyo kama una mgonjwa ndani, ushauri wangu ni uulize kulekule alikopimiwa, hospitali ya Bombo au popote, useme wazi neno tiba shufaa, usiseme "dawa za maumivu" utapewa Panadol. Karatasi zake zote ziweke kwenye bahasha moja. Chagueni mtu mmoja wa kushika dawa na daftari, saa aliyokunywa na kiasi, maana mkiwa watatu atanyweshwa mara mbili au asinyweshwe kabisa. Chupa ifungiwe kabatini, vijana wa mtaani wanajua kusoma lebo. Na anayeuguza nae awe na zamu ya kulala. Kama na nyie mnakesha usiku kama sisi tulivyokuwa tunakesha, muulize nesi siku ya kwanza kabisa usiku inakuwaje, na Alhamisi uangalie chupa imebaki kiasi gani, usingoje Ijumaa.

Jumla nawapa 4 kwa 5, na hiyo moja niliyoipunguza isomeke kuwa ni yetu sisi wa mezani, sio ya manesi.

Mhasibu wetu anamaliza muda wake mwaka huu, kuna kiti kinabaki wazi. Anatakiwa mtu anayejua kusoma hesabu zilizokaguliwa na asiyeona aibu kuuliza risiti iko wapi mbele ya watu wakubwa. Wa mikoani wanakaribishwa zaidi. Posho nimeshawaambia. Na mlio na chupa tupu nyumbani za wagonjwa waliotangulia, ziosheni mzirudishe kwa manesi, mmelimbikiza nyingi na stoo wanazitafuta.